Kungoja Viota Ukingoni

Bwawa la Bibi Kunegunda liko bondeni, chini ya nyumba za mwisho za Ruhuwiko, Songea, mahali njia ya pikipiki inapoishia na inayobaki ni ya miguu. Si kubwa. Ukisimama kwenye tuta ukamwita mtu aliye upande wa pili, huna haja ya kupaza sauti. Mumewe, Bartolomeo, alilichimba kwa jembe na sururu viangazi viwili mfululizo, na Kunegunda alikuwa nyuma yake akishindilia tuta kwa miguu, ndoo moja ya udongo baada ya nyingine. Wakati huo walikuwa wamezaa watoto wawili na wamezika wawili, wote kabla ya kufikisha mwaka. Baada ya hao hakushika mimba tena. Maji yalipojaa, wakaweka perege.

Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wanamtania.

"Kune, watoto wako wana mapezi."

"Afadhali wangu," alikuwa akijibu. "Hawaniombi daftari, na hakuna aliyeletwa nyumbani amebebwa kwa sababu ya pombe ya komoni."

Hapo wenye watoto walevi walikuwa wanacheka kidogo, halafu wanatafuta habari nyingine.

Mimi nilimfahamu nilipoolewa huku, miaka mitatu iliyopita. Nimezaliwa Lizaboni, katikati ya maduka, na samaki nilikuwa nawajua wakiwa wamekwisha kaangwa. Nyumba yetu na yake zinatenganishwa na ua wa minyaa. Nilipojifungua Aidan, mama yangu alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja, na aliyenikanda kwa maji ya moto ni Bibi Kunegunda. Alikuwa anampima mtoto maji ya kuoga kwa kiwiko. Maji ya bwawa nayo aliyapima hivyo hivyo, anapandisha mkono wa sweta, anainama, anatumbukiza kiwiko na kungoja kidogo. Alisema kiganja cha mkulima kina sugu, hakijui tena baridi wala moto, lakini kiwiko hakidanganyi.

Siku moja alikuwa amekaa ananitazama nikinyonyesha huku napiga miayo.

"Hukulala?"

"Sikulala, bibi. Ameninyonya mpaka asubuhi."

"Pole. Mwenzako kule bondeni hali kitu kabisa."

Ndipo akanieleza habari za perege. Joto likirudi baada ya miezi ya baridi, dume anasogea ukingoni, penye maji ya kufika magotini, anachimba kiota kwa mdomo wake, kishimo cha duara kama sahani. Jike anataga humo. Kisha anayaokota mayai yake yote na kuyaweka kinywani, na watoto wakitotolewa wanakaa humo humo kinywani. Siku zote hizo mama hatafuni kitu. Wakitoka kucheza na yeye akiona kivuli, anafungua mdomo, wanarudi wote ndani.

"Mimi napenda kuviona vile viota," alisema. "Ukiviona ukingoni unajua mwaka umekubali kuanza."

Bartolomeo alianza kukohoa tangu Pasaka. Kufika Juni alikuwa hawezi kushuka bondeni. Songea baridi yake ya Juni watu wa huku wanaijua, na bondeni ni zaidi. Ukungu unalala juu ya maji mpaka saa nne asubuhi, nyasi zimelowa na kulala kama nywele za mtu aliyetoka kuoga, na ukitumbukiza mguu kwenye kijito unahisi mfupa. Mimi na Aidan mgongoni tulikuwa tunapita kumjulia hali. Mara ya mwisho nilimkuta mkewe anamnywesha uji, na yeye anasukuma kijiko pembeni ili aseme.

"Kune. Hao perege wazazi usiwavue."

"Siwavui."

"Wafikishe kwenye joto. Watataga wenyewe."

"Nitawafikisha. Kunywa uji."

Hakuacha wosia mwingine. Alifariki Jumatatu, tukamzika Jumatano, kwenye mvua ndogo ndogo ile ya baridi ambayo hailowanishi shamba, inalowanisha watu tu.

Mjane alikaa ndani kwenye godoro, siku tisa za novena, hatoki nje hata uwanjani. Ndiyo desturi. Kazi zote tulizifanya sisi wanawake wa jirani. Mimi kwa kuwa nina mtoto mdogo walinipa kazi ya vyombo, nikawa nashuka navyo asubuhi kwenye kijito kinachoingia bwawani. Msiba ulikuwa na watu wengi, ugali ulisongwa kwenye masufuria makubwa na ukawa unabaki. Asubuhi baada ya maziko nikiwa nasugua sufuria, ukungu bado umelala, nikawaona perege. Walikuwa wamekuja juu, wengi, vichwa vimeelekea hewani, wanafungua midomo na kufunga, wanafungua na kufunga.

Nilidhani wana njaa.

Mtu mwenye mtoto anayenyonya hawezi kuona mdomo umefunguliwa hivyo akapita. Nikawaza, mwenye kuwalisha amezikwa jana, na mkewe yuko kwenye godoro, nani amewakumbuka hawa? Nikakwangua ukoko wote, nikaumwaga. Kesho yake nikaleta na ugali uliolala. Keshokutwa walikuja juu wengi zaidi, wakafungua midomo zaidi, na mimi nikaongeza na pumba kutoka kwenye gunia lililokuwa kibandani. Nilifanya hivyo mpaka novena ikaisha. Sikumwambia mtu kwa sababu sikuona kama ni jambo la kusema. Nilikuwa nafikiri nitamwambia Bibi Kunegunda atakapotoka, afurahi.

Siku ya kumalizia tanga, ndugu walikaa uwanjani. Mdogo wake Bartolomeo, Sipriani, fundi baiskeli wa Msamala, alisimama kuzungumza. Sipriani si mtu wa maneno. Alizungumza juu ya deni la upendo kwa kaka yake, akapotea njiani, halafu akasema, "Na lile eneo la bondeni ni la ukoo, tutakaa tulizungumze." Akakaa chini. Sikujua alitaka kusema nini hasa. Lakini nilimwona Bibi Kunegunda akiinua kichwa.

Asubuhi iliyofuata alishuka bondeni kwa mara ya kwanza, nguo nyeusi, mimi nikimfuata. Perege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu, meupe. Walikuwa wamesukumwa na upepo mpaka kona moja ya tuta, wamebanana pale. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na harufu mbaya.

Hakulia. Alivua kandambili akaingia kwenye yale maji, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama anayepakua kitu cha moto. Nikamsaidia. Tuliwafukia chini ya mti wa msuku, kwenye shimo moja.

"Wote kwa siku moja," alisema. "Ugonjwa hauui wote kwa siku moja."

Jumamosi yake jumuiya ilisali uwanjani kwake. Tulipomaliza, Sipriani akafika na baiskeli, nyuma amefunga mfuko wa unga wa sembe. Akaamkia watu, akafungua mpira, akaubeba mfuko mpaka miguuni kwa shemeji yake.

"Mlamu, nimekuletea unga kidogo."

"Unga wako rudi nao, mlamu. Bwawani umekwisha kuweka."

"Nimeweka nini?"

"Utupa."

Utupa ni majani, watu wasio na subira huyatwanga na kuyamwaga mtoni, samaki wanalewa na kuelea wenyewe. Kumwambia mtu ametia utupa kwenye bwawa la mfiwa ni kumwambia neno ambalo halisemwi karibu na rozari. Wanawake wawili walianza kukunja mikeka yao.

Sipriani alisema, "Mlamu, kaka hajatimiza hata mwezi."

"Ndiyo. Hukumngojea atimize."

Aliuinamia mfuko akaunyanyua, akaufunga tena kwenye keria, taratibu, mpira ukamponyoka mara mbili. Akaondoka akiikokota baiskeli, hakuipanda mpaka alipofika barabarani. Hakuonekana tena Ruhuwiko kwa miezi. Na mimi nilikuwa nimeketi pale na Aidan, na nikaamini kabisa, kama wengine, kwamba ni yeye.

Bibi Kunegunda hakukubali kwamba bwawa limekwisha. Alisema perege ni mjanja, mmoja wawili watakuwa wamejificha kwenye mizizi ya matete, kwenye matope, na wanachohitaji ni jike mmoja na dume mmoja. Alizibua kwa jembe mfereji unaotoka kijitoni, maji mapya yakaingia. Julai nzima alikuwa akishuka kila asubuhi. Nilikuwa nasikia kikohozi chake kidogo nje ya ua, halafu, "Mama Aidan, umeamka?" Nami najifunga mtoto mgongoni tunashuka.

Hakukuwa na la kuona. Ukungu, maji, ukungu. Alikuwa anaingiza kiwiko anakitoa.

"Bado," anasema. Tunapanda.

Agosti ukungu ukaanza kuchoka. Ulikuwa unaondoka saa tatu badala ya saa nne, halafu saa mbili na nusu. Ukaja upepo, majani ya miombo yakaanguka, watu wakachoma mapori, majivu meusi yakawa yanatua juu ya maji na kwenye nguo tulizoanika. Siku moja tumekaa kwenye tuta, jua limetoka, Aidan anachezea udongo, yeye akawa anazungumza tu, kama mtu anayezungumza na maji.

"Bartolomeo ukungu ukianza kulala bwawani alikuwa anafunga gunia la pumba. Hafungui mpaka miombo itoe majani mekundu. Perege kwenye baridi hali. Anashuka chini anatulia, kama mtu na blanketi lake. Ukimpa chakula hakigusi, kinaoza."

Nikamuuliza, "Kikioza?"

"Maji yanakosa pumzi. Utawaona asubuhi na mapema wamekuja juu wanapanua midomo. Ukiona hivyo hata chembe ya pumba usitupe. Unakimbia kufungua maji mapya."

Nilimchukua Aidan kwenye udongo nikamfuta mikono, nikaifuta tena. Yule mtoto alianza kulia kwa sababu nilikuwa namkwangua. Bibi Kunegunda akanyoosha mikono, "Lete huku, una nini leo?" Akamchukua, akamweka mapajani, akawa anamwonyesha matete.

Pengine hata ile asubuhi ya kwanza walikuwa wanatafuta pumzi. Ukungu ulikaa siku nyingi na mfereji ulikuwa umejaa majani, hakuna aliyeusafisha tangu Bartolomeo alale. Lakini walikuwa hai, na anayejua angeweza kuwaokoa. Mimi niliwamwagia ugali.

Ningemwambia siku ile. Nilifungua kinywa mara mbili. Nilikuwa naogopa mambo mawili, na la kwanza halikuwa Sipriani aliyesingiziwa, naandika ukweli. Niliogopa kwamba hatamchukua tena Aidan. Nikasema moyoni nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Yakapita majuma.

Septemba joto lilianza kuja, lakini kwa kuvizia. Mchana unavua sweta, jioni unalitafuta. Kwanza nyasi zilizoungua zikatoa ncha za kijani kama sindano. Halafu mlima wa ng'ambo, ambao ulikuwa wa kijivu, asubuhi moja ukawa na wekundu, kidogo sana, kama mtu amepangusa mikono yenye mkaa wa moto kwenye matawi. Baada ya juma miombo yote ilikuwa na majani machanga, mengine mekundu, mengine rangi ya shaba, na mvua bado iko mbali. Mimi nilikuwa nimeishi Songea maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kusimama nikaitazama. Kereng'ende wakaja juu ya maji. Vyura wakaanza mmoja mmoja, kama watu wanaojaribu sauti kabla ya misa. Ndege mnana wakaanza kusuka viota vyao kwenye matete, vinaning'inia juu ya maji, na wanagombana humo kutwa nzima.

Bibi Kunegunda alitoa kiwiko majini akasema, "Sasa."

Akafungua gunia la pumba, akatupa kiganja kimoja, kidogo, akangoja. Pumba zikaelea, zikalowa, zikazama. Hakuna kilichotikisika.

Kutoka siku hiyo alikuwa anatembea ukingo wote, anainama, anatazama penye maji ya magotini. Mnana walikuwa wamemaliza viota vyao juu. Chini hakukuwa na kimoja. Alikuwa anarudi nyumbani anasema pengine maji ya upande wa kijito bado yana baridi. Siku nyingine anasema pengine wanaogopa kivuli cha matete, akayakata. Alikonda. Jioni alikuwa anampokea Aidan nipike, na anamwimbia kwa Kingoni, sauti ya chini, na mimi jikoni nilikuwa nachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Katikati ya Oktoba, asubuhi, nikasikia anaita toka bondeni. Haikuwa kawaida yake kuita.

"Mama Aidan. Njoo. Njoo polepole, usitikise."

Nilishuka mbio na Aidan mgongoni, nikapunguza mwendo kwenye tuta. Alikuwa amechuchumaa, gauni limelowa mpaka kiunoni, anaonyesha kwa kidole. Chini ya maji, kwenye tope laini, kulikuwa na kishimo. Duara.

"Kimoja," akanong'ona. "Ameanza usiku. Tazama kingo zake zilivyo mpya."

Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amekula. Nikatazama kile kishimo. Hatua moja mbele yake kulikuwa na kingine, na kingine, vinapanda ukingoni mpaka kwenye nyasi, na pale kwenye nyasi vilikuwa vimepasuka katikati, kwato mbili mbili. Ng'ombe alikuwa ameshuka kunywa maji.

Aliona mwenyewe, macho yake yalifuata yangu. Akacheka kidogo.

"Ng'ombe wa watu," alisema. "Na mimi naziamkia kwato zake."

Kile kicheko ndicho kilichonishinda. Nilikaa pale pale kwenye tope.

"Bibi, Sipriani hakuweka utupa."

"Umejuaje?"

"Ni mimi. Nilikuwa nawapa ugali wa msibani. Kila asubuhi, novena nzima. Na pumba."

Alinitazama.

"Walikuwa wamekuja juu?"

"Ndiyo."

"Wanapanua midomo?"

"Ndiyo, bibi. Nilidhani wanaomba chakula."

Akageuza uso kwenye maji. Mnana walikuwa wanapiga kelele hata mtu asiweze kujisikia anavyopumua.

"Ulidhani wanaomba chakula," alirudia, bila ukali. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

Hapo ningeweza kudanganya. "Agosti. Siku ile uliponieleza."

"Agosti." Akahesabu kwa vidole vyenye tope, Agosti, Septemba, Oktoba. "Na mimi nilimwita Sipriani mwuaji mbele ya watu. Ukanitazama naamka nalo, nalala nalo."

"Nisamehe, bibi."

"Nyanyuka. Utamlowanisha mtoto."

Alipanda, akaoga, akavaa kitenge cha kanisani. Nilidhani amemaliza na mimi, lakini akaja kwenye ua wa minyaa, akasimama upande wake.

"Twende Msamala. Ukaseme mwenyewe."

Nilimwambia nimpigie simu mtu wa bodaboda. Akasema kwa jambo kama hili mtu huenda kwa miguu. Tulikwenda jua linapanda, yeye mbele. Kawaida tukitembea pamoja ananinyang'anya Aidan, anasema nimechoka. Siku ile nilimbeba mwenyewe mpaka mwisho.

Sipriani alikuwa mbele ya nyumba yake, amegeuza baiskeli kichwa chini, anakaza spoku. Alituona tangu mbali, akainamia gurudumu.

"Hodi, mlamu," alisema Bibi Kunegunda.

"Karibu." Hakuinuka. Baadaye akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaeni."

Bibi Kunegunda hakukaa. Alinitazama, nami nikasema. Nilisema yote, ugali, pumba, midomo, na Agosti. Maneno yalikuwa machache kuliko nilivyofikiri. Sipriani alizungusha gurudumu akawa analisikiliza.

"Nimekosa, mlamu," akasema Bibi Kunegunda. Akapiga magoti, pale pale kwenye mafuta ya baiskeli, mwanamke wa miaka sitini mbele ya mdogo wa mumewe. "Nilikutukana kwenye msiba wa kaka yako. Nimekuja kuomba radhi."

"Simama, mlamu. Watu wanapita."

"Wapite."

Akaweka chini spana. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Mwezi wa tatu kaka alikuja hapa na ndoo," alisema. "Vifaranga vya perege, kama sitini. Kutoka kwenye lile bwawa lenu. Akasema nichimbe kishimo huko nyuma, nifuge, nitaona raha yake. Nikachimba. Siku ile ya kumaliza tanga nilitaka kusema hilo, kwamba mbegu ipo, tukae tuzungumze namna ya kulijaza bwawa likipata joto. Nikasema vibaya. Mimi kusimama mbele za watu sijui."

Bibi Kunegunda alikuwa bado amepiga magoti.

"Wako wapi?"

Sipriani akakikunja kile kitambaa.

"Mlamu, wako wapi?"

"Ulivyosema utupa, mtaa mzima ulisikia. Mteja anakuja hapa anauliza, fundi, ni kweli? Nikawa nikiwaona wale samaki naona wewe umesimama uwanjani unaninyooshea kidole. Nikawaza, siku wakifa hawa nao, itakuwaje? Mwezi wa tisa, tarehe za mwanzo, nilifungua maji yakatoka. Nikaita majirani, wakachukua, kila mtu na bakuli lake."

"Wote?"

"Wote. Mimi sikula."

Septemba tarehe za mwanzo. Nilikuwa nimejua wiki tatu nzima. Ile hesabu niliifanya nikiwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, na naona Bibi Kunegunda naye aliifanya, kwa sababu alinigeukia mara moja tu, kisha akaangalia pengine.

Aliinuka akishikilia kigoda. Akaomba maji ya kunywa. Sipriani mwenyewe aliingia ndani kuyaleta, kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili, na bibi alipokuwa anakunywa, yeye alibaki amesimama mbele yake na mikono yake mitupu. Bibi Kunegunda akauliza kama wapo waliokuwa wameanza kutaga. Sipriani akasema hapana, walikuwa bado wadogo. Bibi akauliza walikuwa na rangi gani. Sipriani akasema, "Kama wa kaka. Mkia mwekundu kidogo." Bibi akarudisha kikombe.

Tukirudi nyumbani sikuthubutu kutembea karibu naye.

Novemba mawingu yalianza kujikusanya mchana, na miombo ilikuwa imekwisha kuwa kijani kabisa. Jumamosi moja Sipriani alikuja Ruhuwiko na jembe kwenye baiskeli. Bibi Kunegunda alikuwa amemwita. Mimi sikuitwa, lakini nilisikia wanapita nje ya ua, nikawafuata kwa mbali mpaka kwenye tuta.

"Mlamu, una hakika tulibomoe?" aliuliza Sipriani. "Mbegu tunaweza kutafuta. Wapo watu Namtumbo wana mabwawa."

"Hao wa Namtumbo ni samaki wa watu wa Namtumbo." Akanyoosha kidole. "Kata hapo. Ndipo kaka yako alipoanzia."

Sipriani akakata. Tuta lilikuwa gumu, miguu yake mwenyewe Kunegunda ilikuwa imelishindilia miaka ile yote. Saa sita maji yakapata njia, kwanza kama kamba, halafu yakabomoa kingo na kuanza kuvuma. Mnana waliruka wote kwenye matete. Mpaka saa kumi bwawa lilikuwa limebaki tope linalong'aa, na madimbwi mawili matatu.

Ndipo Bibi Kunegunda alipovua kandambili. Aliingia, akazama mpaka magotini, akainama na kuanza kupapasa kwenye tope kwa mikono yote miwili. Alianzia kwenye mizizi ya matete. Alikuwa anaingiza mikono, anatafuta, anaitoa mitupu, anasogea hatua moja. Hakuwa na haraka. Dimbwi la kwanza alilimaliza lote.

"Mlamu," aliita Sipriani kutoka kwenye tuta, kwa upole. "Hakuna kitu humo."

Hakugeuka. Nilitaka kushuka nimsaidie, na mguu mmoja nilikuwa nimekwisha kuuteremsha. Nikaurudisha. Sipriani alikunja suruali yake, akaingia kwenye tope, akaenda mpaka ubavuni kwake, akainama naye akaanza kupapasa.